Uhuru wa kusema mkutanoni ninao. Nikishasema, nitalala wapi?

FundiPlagi (mleta uzi)
Wanajamvi, salaam. Nimesita sana kuandika, lakini mkutano wetu mkuu wa kijiji ni Jumamosi hii, na huku sina wa kumuuliza ambaye maneno hayatafika nyumbani kabla yangu.

Nipo mkoa wa Iringa. Wilaya na kijiji naomba nisitaje. Kuna mwekezaji anataka hekta 180 apande miti. Wanasema eneo hilo ni pori. Si pori. Ndani yake kuna mabonde ambako watu wanalima vinyungu, yaani vishamba vya bondeni, wakati wa kiangazi: mahindi mabichi, maharage, mboga. Hivyo vinyungu ndivyo vinavyonunua sabuni na daftari miezi ambayo huku juu udongo umekauka. Wakijaza milingoti (mikaratusi) pale, maji ya bondeni hayatabaki kama yalivyo, kila mtu huku analijua hilo.

Halmashauri ya kijiji imeshakaa na kukubali. Kilichobaki ni mkutano mkuu. Nataka kusimama niseme hapana, na niulize maswali. Mtu wa karibu ameniambia ninyamaze kwa faida yangu.

Swali langu: huu uhuru tunaousherehekea kila Desemba 9, kwa mtu wa kawaida maana yake ni nini? Mtu anaweza kusema anachofikiri mbele ya viongozi wake na akaendelea kuishi palepale? Nisimame au nikae?

Mnyalukolo wa Mjini
Kamwene mkuu! Simama useme, unaogopa nini? Ila ukiona ndoo za ulanzi zimefika mkutanoni kabla ya mwekezaji, ujue kura imeshapigwa jana yake.

Karani Mstaafu
Ndugu mleta uzi, nimeandika mihtasari ya vijiji kwa miaka mingi, kwa hiyo nianze na sheria.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishiwa kwenye ardhi ya jumla, yaani isiyo tena chini ya kijiji, ili apewe mwekezaji, na eneo ni hekta 250 au pungufu, anayekubali au kukataa ni mkutano mkuu wa kijiji. Ikizidi 250 ndipo inakwenda kwa waziri, naye anapaswa kuangalia mapendekezo ya mkutano. Kwenu ni 180. Maana yake Jumamosi hamwendi kupewa taarifa, mnakwenda kuamua. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo, awe na cheo au asiwe nacho. Fidia lazima ikubaliwe kabla ardhi haijahama. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: ikishakuwa ardhi ya jumla hairudi kijijini yenyewe, hata mwekezaji akiondoka na kuacha visiki.

Uhuru wa maoni upo Ibara ya 18 ya Katiba. Vijana wengi hawajui kwamba Katiba ya 1977 ilianza bila sura ya haki za binadamu, iliingizwa mwaka 1984. Kwa hiyo simama. Haki unayo.

Mtoto wa Stendi
Karani kasoma vitabu, mimi nimelala ndani. Miaka ya nyuma, kwenye mkutano wa soko letu, niliuliza ushuru tunaolipa kila siku unakwenda wapi, maana choo kilikuwa kimefurika. Kiongozi mmoja akasema nahatarisha amani. Ipo Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, inawapa wakuu wa wilaya na wa mikoa uwezo wa kuagiza mtu ashikwe mpaka saa 48. Nikashikwa.

Nilitoka bila kesi. Waliniachia vizuri kabisa, hata maji walinipa. Lakini niliporudi sokoni meza yangu ilikuwa na mtu mwingine, na kila niliyemuuliza aliangalia pembeni. Rumande niliisahau ndani ya wiki. Ile meza mpaka leo naiota. Tangu hapo mtu akiniuliza uhuru ni nini namwambia ni kuwa na pa kufanyia kazi ambapo hakuna anayeweza kukuondoa kwa hasira.

Mama Neema
Mimi nitakuwa tofauti na ninyi. Uhuru bila adabu ni fujo. Tuna nchi yenye amani, majirani zetu wamekimbia makwao na watoto mgongoni, sisi tunalala. Huo si uhuru? Viongozi wamewekwa kwa sababu. Kama una jambo, nenda kwa mwenyekiti nyumbani kwake jioni, ongea naye taratibu. Kumsimamisha mtu mzima mbele za watu si ujasiri.

Babu Isimani
Nimesoma nikaona niandike, ingawa macho yananisumbua.

Mwaka 1974 nilikuwa kijana mdogo, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini. Mwalimu alikuwa ametangaza Novemba 1973 kwamba mpaka mwisho wa 1976 watu wote wawe wanaishi vijijini. Sisi tuliishi mbalimbali, kila mtu kwenye shamba lake. Lori lilikuja asubuhi, tukapakia vyungu na kuku, paa likaezuliwa ili tusirudi. Baba yangu alikuwa TANU damu. Bendera ilipopanda 1961 alitembea usiku kucha kwenda kuishangilia. Miaka 13 baadaye hakuulizwa anataka kujenga wapi. Sisemi kijiji kilikuwa kibaya, shule niliyosomea ilikuwa hapo na bila hiyo nisingeandika haya. Nasema tu kwamba hakuulizwa, na lilimkaa moyoni mpaka anaingia kaburini.

Na huko huko Iringa, Isimani, siku ya Krismasi ya 1971, Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Klerruu alipigwa risasi na mkulima, Saidi Mwamwindi, kwa ugomvi wa shamba. Mwamwindi alinyongwa. Watu wawili wakaenda, na wajane wakabaki. Kwa hiyo mjukuu wangu, sema. Sema mapema, kabla maneno hayajageuka uchungu, na sema ukiwa umetulia.

FundiPlagi
Asanteni sana. Karani, hilo la hekta 250 sikulijua, na sidhani kama kuna anayelijua huku. Mama Neema, kuzungumza jioni nyumbani kulishafanyika. Nilijibiwa kwamba mambo ya kijiji yana wenyewe.

Karani Mstaafu
Nani amekuambia unyamaze? Ni mtendaji? Ni mjumbe wa halmashauri? Amekutishia nini? Bila hilo tunapiga ramli.

FundiPlagi
Ni mtu wa familia ya kiongozi. Hakunitishia, alinionya tu. Naomba tusiingie sana huko, tubaki kwenye swali.

Mnyalukolo wa Mjini
Kaka, mbona unazunguka kama bodaboda asiyejua anwani?

Shangazi wa Mafinga
Jamani mwacheni nimuulize mimi. Mtu anayeogopa kukamatwa huuliza habari za polisi na wakili. Wewe kwenye kichwa cha uzi umeuliza utalala wapi. Tangu mwanzo nimekwama hapo, na naona wenzangu wote wamepita. Nyumba unayoishi ni ya nani?

FundiPlagi
Shikamoo Shangazi. Umenibana.

Mwenyekiti wa kijiji ni baba mkwe wangu. Mimi ni mwanamke. Mlioniita kaka sikuwarekebisha kwa sababu nilijua mazungumzo yatahamia kwenye ujane badala ya vinyungu. Mume wangu amefariki. Nyumba tulijenga mimi na yeye, tofali tulifyatua wenyewe, lakini kiwanja alipewa na baba yake kwa mdomo, na shamba vilevile. Karatasi hakuna. Aliyenionya ni mama mkwe, na hakuwa na ubaya. Alisema, "Mwanangu, ukimwaibisha baba yako mbele za watu, mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Baba si mtu mbaya. Msiba wa mwanawe aliubeba yeye. Mwanangu alipoanza sekondari, godoro la bweni na sanduku alinunua yeye bila kuombwa. Anaamini kwa moyo wote kwamba mwekezaji ataleta barabara na kumalizia zahanati. Siwezi kwenda kumsema kama mwizi, kwa sababu si mwizi. Nataka kusema kwamba mabonde yale ni chakula chetu, wanaoyalima wengi ni wanawake, na sisi hatukuulizwa.

Mama Neema
Sasa hapo ndipo ninapokuambia mwanangu, tulia. Mkwe hapingwi hadharani. Mtu amekulelea mtoto, leo umsimamishe mbele ya kijiji! Hata Ruthu alimfuata mama mkwe wake.

Shangazi wa Mafinga
Mama Neema, kumfuata mkwe ni kitu kimoja, kunyamaza shamba linapoondoka ni kitu kingine. Mimi mume wangu alipofariki niliambiwa niketi, nitunzwe. Nikatunzwa miaka. Kila nilipotaka kuuza hata debe la mahindi niliomba ruhusa kwa shemeji niliyemfulia nguo alipokuwa mtoto. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitukana. Siku nilipopata eka moja yenye jina langu, hati ya kimila, nilikaa chini ya mti nikaisoma ile karatasi mara nyingi, ingawa ina maneno machache. Ndipo nikaanza kuchangia kwenye mikutano. Kabla ya hapo nilikuwa nakwenda kusikiliza.

Karani Mstaafu
Dada yangu, niwie radhi kwa kukuita ndugu kwa sauti ya kiume. Hii inabadilisha mambo.

Habari mbaya kwanza. Sheria za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zinasema mjane hana fungu kwenye mali ya marehemu ikiwa ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake, zinasema, ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Maneno hayo yalitangazwa na nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili tu.

Habari nzuri: Sheria ya Ardhi ya Vijiji inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haipaswi kufuatwa. Mahakama nazo zimewahi kusema. Mwanamke wa Kagera, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, ndugu wa ukoo akamshtaki kwamba mwanamke hawezi kuuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba anaweza, sawasawa na mwanaume. Na nyumba mliyojenga kwa mikono yenu wote wawili si sadaka ya mtu, una jasho lako ndani yake. Fungua mirathi Mahakama ya Mwanzo. Fanya hivyo kabla ya Jumamosi.

FundiPlagi
Mirathi sifungui sasa. Nimelifikiria sana. Nikifungua wiki hii, kijiji kizima kitasema nalilia nyumba, na vinyungu vitasahauliwa. Na baba ataona nimempeleka mahakamani akiwa hai kwa kosa la kunisaidia.

Halafu niseme lililobaki. Barua ya kupinga imeshaandikwa, ina majina na saini za wanawake wenzangu, wengine wameweka dole gumba. Nakala imepokelewa ofisi ya kata, nimegongewa muhuri.

Mtoto wa Stendi
Sasa dada, barua imeshakwenda, muhuri umegongwa. Ushauri unaoomba ni wa nini?

FundiPlagi
Ushauri wa Jumapili. Jumamosi nimeshaiamua. Ninayoiogopa ni asubuhi yake, nikitoka na ndoo kwenda kuchota maji na kupita mbele ya mlango wa baba.

Mpekuzi
Wakubwa, msikurupuke. Nimezunguka kwenye maandiko ya zamani ya huyu FundiPlagi. Nyuzi chungu nzima anaelekeza watu kusafisha kabureta na kubadilisha plagi za pikipiki. Kuna mahali kaandika wazi: "mke wangu kajifungua salama, mnisamehe nimechelewa kujibu." Leo yeye ndiye mke, tena mjane, tena mkwe wa mwenyekiti, tena ana barua yenye muhuri. Hii ni chai, tena imemwagiwa sukari. Kuna mtu anatafuta kuchonganisha wananchi na wawekezaji, nanyi mnamsaidia na vifungu.

Mnyalukolo wa Mjini
Duh! Naomba nirudishiwe kamwene yangu.

Mama Neema
Nilihisi. Hadithi imekaa vizuri mno.

Mtoto wa Stendi
Mimi nimetoa siri ya rumande yangu hapa kwa ajili ya chai? Mleta uzi, weka picha ya hilo bonde, au ya barua, ficha majina.

Babu Isimani
Vijana, ngojeni kwanza ajibu mwenyewe.

Mpekuzi
Atajibu nini babu? Mtu wa kijijini anayeandika hivi? Hata koma anaweka.

Shangazi wa Mafinga
Mpekuzi, sisi wa kijijini hatujui koma? Mimi nimefundisha darasa la saba hukuhuku miaka yangu yote. Na hata kama huyu ametunga, yangu mimi sikutunga, na ukishuka Mafinga nitakuonyesha wengine watatu kabla hujamaliza soda. Mbona hukuuliza picha ya choo cha soko la Mtoto wa Stendi? Yeye mlimwamini mara moja.

FundiPlagi
Akaunti ni ya mume wangu. Alikuwa fundi pikipiki. Mke aliyejifungua salama ni mimi, na mtoto mwenyewe ndiye aliyenunuliwa godoro na babu yake.

Simu ninayotumia ni yake, ilikuwa imeshaingia humu. Sikufungua jina jipya kwa sababu mtu wa kwetu akipita hapa ataona ni fundi fulani anaongea, hatafikiri mkwe wa mwenyekiti. Picha ya bonde siweki. Yeyote wa huku akiliona lile jiwe na ile njia atajua ni wapi na ni nani. Picha ya barua pia siweki, kuna dole gumba za watu walioniamini. Mpekuzi, usiponisadiki sikulaumu, lakini siwezi kuwatoa wenzangu ili wewe uridhike.

Mpekuzi
Yeyote anaweza kuandika hayo.

Babu Isimani
Na yeyote anaweza kuyakataa. Kijana, unataka cheti cha kifo? Anayesema ukweli na anayetunga wote wawili wangekukatalia picha. Lakini Jumamosi ipo, na hekta 180 zinaombwa vijiji vingi. Tumjibu kama ni kweli. Tukikosea, tutakuwa tumepoteza jioni moja.

Karani Mstaafu
Naungana na Babu. Dada, nakuuliza jambo moja. Halmashauri ya kijiji lazima iwe na wanawake ndani yake. Wa kwenu walisema nini kikao kilipokaa?

FundiPlagi
Mmoja alipinga. Aliuliza maji yataletwa kutoka wapi. Muhtasari uliposomwa jina lake halikuwemo, iliandikwa "wajumbe wote waliridhia."

Karani Mstaafu
Hapo hapo. Huyo mama ndiye awe wa kwanza kusimama Jumamosi. Ana cheo, wewe huna, na yeye wala si mkwe wa mtu. Aseme alipinga na hakuandikwa. Nyuma yake wasimame wenye dole gumba kwenye barua, mmojammoja, kila mtu ataje kinyungu chake na anachopanda. Wewe uwe wa tatu au wa nne. Ukisimama peke yako, neno la mkutano mzima litakuwa "mkwe kamvunjia heshima mkwewe". Mkisimama wengi, ni kijiji kinazungumza na mwenyekiti wake.

Mama Neema
Kama ni hivyo, basi na mimi niseme. Ukisimama, anza kwa shikamoo. Piga goti kidogo kama mnavyofanya nyumbani. Usiseme "umefanya", sema "tunaomba". Na Ijumaa usiku nenda kwa mama mkwe, umwambie kwa kinywa chako utakachosema, asikisikie mkutanoni. Baba atajua usiku huohuo. Atakasirika ndani, lakini hutakuwa umemvizia. Hilo litakusaidia Jumapili yako.

FundiPlagi
Mama Neema, asante. Hilo nitalifanya. Nilikuwa nimepanga asijue mpaka nisimame, niliogopa nitazuiwa kutoka nyumbani. Lakini ni kweli, nitapita mbele ya mlango ule kila siku.

Shangazi wa Mafinga
Mirathi usiitupe. Ngoja msimu upite, kisha nenda kwanza kwa msaidizi wa kisheria, wapo na hawadai hela, kuna sheria yao ya mwaka 2017. Omba ukoo ukae, baba mwenyewe aandike kwamba kiwanja alimpa mwanawe na sasa ni chako na watoto. Anayenunua godoro bila kuombwa anaweza kusaini akiulizwa vizuri. Akikataa, ndipo mahakama.

Mtoto wa Stendi
Nami niongeze. Jumapili usikae ndani. Nenda kinyunguni na wenzako, mkalime pamoja. Mimi niliporudi sokoni nilikuwa peke yangu, ndiyo maana meza ilikwenda.

Mpekuzi
Sawa, tuseme ni kweli. Mwenyekiti ndiye anayeendesha mkutano. Akisema "wanaokubali nyosheni mikono", akaangalia juu juu, akasema imepita, mtafanya nini?

Karani Mstaafu
Swali zuri, ndivyo inavyofanyika. Mtu yeyote anyanyuke aombe mikono ihesabiwe, waliokubali na waliokataa, na idadi itajwe kwa sauti. Mtendaji ndiye katibu, aandike. Akikataa kuhesabu, ombi lenyewe liandikwe pamoja na jina la aliyeliomba. Kabla hamjaondoka, ombeni muhtasari usomwe palepale. Na awepo mmoja wenu mwenye daftari lake, anaandika yote tangu dua ya kufungua.

FundiPlagi
Daftari ninalo. Atakayeandika ni binti wa kidato cha tatu, mwandiko wake unasomeka kuliko wangu.

Karani Mstaafu
Kama hajatimiza miaka 18 asinyoshe mkono, kura yake itawapa sababu ya kufuta zote. Kuandika anaruhusiwa.